Mikono Kumi na Miwili

Nirapada Samaddar alitaka avalishwe shati safi asubuhi ile, utadhani ndiye aliyealikwa kwenye kongamano. Mkewe Minati alimvalisha huku akinung'unika, kwanza mkono wa kulia, ule uliokufa, kisha wa kushoto. Kiharusi kilimpiga majira ya baridi yaliyopita. Kilimwachia miguu ya kujikokota na ulimi wa kutosha kuzungumza polepole, lakini kilichukua mkono, tena kikamfanyia ubaya mwingine ambao hata daktari aliueleza kwa aibu: mzee aliona herufi kama kawaida, ila hazikumwambia kitu tena. Mtu aliyekula kwa kalamu miaka thelathini na nane, akiwaandikia watu hati za mashamba na nyumba kwenye kibanda cha bati nje ya ofisi ya ardhi ya Ranaghat, sasa alishika gazeti kila asubuhi kwa mazoea tu. Alijua halijapinduka kwa kuangalia picha.

"Umezifunga zile kurasa, mama?" alimuuliza binti yake. Akina baba wa kule huwaita binti zao mama, na Kaberi alikuwa na miaka thelathini na moja bado anaitwa hivyo.

"Nimezifunga, Baba."

"Kwa kitambaa chekundu?"

"Chekundu hiki hapa. Lakini pale watu hawaangalii karatasi. Wanaangalia kompyuta. Zote nimeshazipiga picha."

"Hati bila karatasi ni porojo. Mtu akileta ubishi, unamfungulia kitambaa, ananyamaza." Akavuta pumzi, maana sentensi ndefu zilimchosha. "Na wale waandishi uwataje kwa majina. Haradhan. Bishtu. Wote."

"Nitawataja."

Minati hakuwa na habari na majina. Alimfuata binti yake hadi mlangoni na mwiko mkononi. "Ule mwaka wataongeza?"

"Nisikudanganye, Ma. Leo napewa mlezi, profesa kutoka nje ya chuo. Akiandika barua nzuri, kamati itaongeza mwaka na posho itaendelea. Asipoandika, Desemba ndiyo mwisho."

"Ataandika. Kwa nini asiandike?" Minati akasema, akarudi jikoni upesi ili asijibiwe. Nyumba ile haikuwa na pesheni. Wali, samaki wa mara moja kwa wiki, vidonge vya mzee na yule kijana wa kumnyoosha viungo, vyote vilitoka kwenye posho ya mwanafunzi.

Kazi yenyewe Kaberi aliianza kwa uchungu. Akiwa msichana akimpelekea Baba chakula, aliwaona wajane wakikaa chini siku tatu nje ya ofisi, wakimsubiri karani mmoja mwenye miwani awasomee hati ya babu ya mwaka arobaini na nane. Akaapa kwamba siku moja mashine itawasomea. Ndiyo hiyo sasa shahada yake ya uzamivu: kuifundisha kompyuta kusoma mwandiko wa hati za kale. Hati zenyewe ofisi ilikataza zisitoke. Ikabidi atafute waandishi wa hati waliobaki, wazee wa mtindo ule ule, kila mmoja aandike kurasa ishirini. Alihitaji waandishi kumi na tano. Baba, wakati huo akiwa mzima, alijipiga kifua: hiyo niachie mimi, wote ni wenzangu wa kibandani. Miezi mitatu alitoka asubuhi na kibweta chake cha chakula, leo Shantipur, kesho Chakdaha, na jioni akarudi na kurasa. Haradhan huyu. Moyezuddin huyu. Bishtu huyu, anaringa kama bwana harusi, lakini ameandika.

*

Kongamano lilifanyika kwenye chuo kimoja cha Kolkata, na lilihusu jambo hilo hilo tu, nyaraka na mashine za kuzisoma. Siku ya kwanza ilikuwa ya wanafunzi wa uzamivu. Walipewa beji za kijani, wakati maprofesa walivaa za bluu, na mhudumu wa chai aliijua tofauti hiyo vizuri sana: wa bluu alipewa kikombe na biskuti, wa kijani alionyeshwa birika. Kila mwanafunzi alipewa meza, ubao wa kubandika bango lake, na mlezi mmoja wa kukaa naye asubuhi nzima. Saa tisa kila mmoja angesimama mbele ya ukumbi kwa dakika kumi.

Mlezi wa Kaberi alikuwa Profesa Vaidehi Raghunathan wa Chennai, mama wa miaka sitini na kitu, nywele nyeupe zimefungwa kisogoni na uzi wa asumini. Alikuja amebeba chakula chake mwenyewe, wali wa mtindi, kwa sababu aliamini kwamba mikononi mwa Wabengali hata kabichi hunusa samaki.

"Wewe ndiye Kaberi? Kaa. Umekula?"

"Nimekunywa chai, Madam."

"Chai inashibisha nini? Haya, nionyeshe."

Kaberi alifungua laptopu akaanza. Waandishi kumi na tano. Kumi amewatumia kuifundisha mashine, watano akawaficha, mashine haikuwaona kabisa. Kisha akaipa kurasa za wale watano izisome. Katika kila maneno mia, ilisoma sawasawa tisini na sita.

Vaidehi aliinua macho kutoka mikononi mwake. Alikuwa akimenya chungwa. "Tisini na sita," akarudia. "Kwa watu isiowajua."

"Ndiyo, Madam."

"Sisi Chennai tuna mashine za bei mbaya, na kwa watu tusiowajua tunashindana na sabini. Umefanyaje?"

"Labda ni bahati, Madam."

"Bahati haina mbio hizo. Kurasa zenyewe unazo, au una picha tu?"

Kaberi akamkumbuka Baba, akatabasamu. Alitoa furushi, akalifungua kitambaa chekundu kwa madaha kidogo, kama mtu ajuaye kwamba ubishi unakaribia kwisha. Vaidehi akajifuta vidole, akachukua ukurasa mmoja mmoja kutoka kwa kila mwandishi, akazipanga mezani. Zote akazipanga kichwa chini miguu juu.

"Samahani, Madam, umezipindua."

"Kwani nikizisimamisha nitasoma? Sijui hata herufi moja ya Kibengali. Lakini hata za Kitamil nazipindua. Ukisoma maneno, humwoni aliyeandika." Alisema hivyo bila majivuno. Mahakama zilikuwa zimemwita mara nyingi, kila ndugu walipogombania wosia, na hayo ndiyo macho aliyoyazoea.

Alihamisha kurasa taratibu, kama mtu anayechagua dengu. Tatu akaziweka kushoto. Kumi na mbili akaziweka kulia. Kaberi alidhani anazitenga kwa uzuri.

"Hawa watatu ni watu watatu," Vaidehi akasema. "Hawa kumi na wawili ni mtu mmoja."

Kaberi akacheka. Baadaye kicheko hicho kilimuuma kuliko yote. "Haiwezekani, Madam. Huyu analaza herufi kushoto, huyu kulia. Huyu anatumia nibu. Huyu, Bishtu, mkono unamtetemeka, ni mzee wa miaka themanini."

"Unamtetemeka kwenye kona tu. Kwenye mstari mrefu ametulia kama kijana. Angalia hapa." Akaweka ncha ya kijiko pembeni mwa neno. Kibengali huandikwa kama nguo za kuanikwa, herufi zinaning'inia kwenye mstari wa juu. Mwisho wa mstari huo, pale kalamu inapoinuliwa, palikuwa na kikulabu kidogo kilichorudi ndani, kidogo kama jicho la sindano. "Hapa kipo. Na hapa. Na kwa huyu Bishtu wako. Mtu anaweza kubadili ukubwa, mlalo, kalamu, wino. Mahali anapopumzika hakubadili, kwa sababu hajui kwamba anapumzika." Kisha akagusa ukurasa wa kati. "Na hapa ndipo alipochoka kuigiza. Huu ndio mkono wake halisi. Zile nyingine ni mavazi."

Ukurasa huo ulikuwa wa Haradhan.

Kaberi akainamisha kichwa, akaziangalia kurasa kwa mara ya kwanza bila kuzisoma. Kikulabu kilikuwepo. Akakiona kwa wote kumi na wawili, na asikione kwa Moyezuddin wala kwa wale wawili wengine. Alikijua. Kila Januari, tangu darasa la kwanza, Baba alimwandikia jina lake juu ya majalada ya madaftari, Kaberi Samaddar, na mwisho wa mstari kulikuwa na kikulabu hicho, ambacho yeye akiwa mtoto alidhani ni mkia wa jina lake.

"Nani alikukusanyia?" Vaidehi akauliza.

"Mtu wa kuaminika."

"Ulimlipa?"

"Hapana, Madam."

Mama yule akamsogezea nusu ya chungwa. "Basi pole sana, binti yangu," akasema, na hakuuliza tena ni nani.

*

Wakati wenzake wakila, Kaberi alikaa kwenye ngazi ya nyuma na laptopu mapajani. Aliifundisha mashine kwa wale kumi na wawili, kisha akaipa kurasa za wale watatu wa kweli izisome. Ilipomaliza ikaandika arobaini na moja. Akarudia. Arobaini na moja. Miaka mitano yake ya kazi ilikuwa imejua kumsoma mtu mmoja tu duniani, na mtu huyo hangeandika tena.

Alimpelekea Vaidehi namba hiyo bila maelezo.

"Sikiliza," Vaidehi akasema. "Saa tisa unasimama. Mimi sitafungua mdomo ukumbini, si kazi ya mlezi kumvua mtu nguo hadharani. Ukisema tisini na sita nitanyamaza, lakini barua yangu itaandika nilichokiona. Ukisema mwenyewe, barua itaandika kwamba ulisema mwenyewe."

"Na mwaka wangu, Madam?"

"Siwezi kuwaambia kwamba kazi iko tayari. Haiko tayari, na wewe unajua." Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ndio uliomfanya Kaberi atake kulia. "Ningekuwa na namna nyingine ningekupa."

Msimamizi wake, Dakta Lahiri, alimdaka mlangoni mwa ukumbi akiwa na kikombe cha beji ya bluu. Kaberi alimweleza kwa sentensi tatu. Uso wa Lahiri ukabadilika rangi, maana jina lake lilikuwa chini ya lile bango.

"Wewe sema tisini na sita, ukae. Tutarekebisha kimya kimya."

"Ameona kwa macho yake, sir."

"Vaidehi kila mwaka lazima amlize mwanafunzi wa mtu. Barua yake ni moja, kamati ina watu saba, na mimi nawajua wote saba. Usiwe mtoto. Una mgonjwa nyumbani."

Hilo la mgonjwa ndilo lililomkata maini. Kaberi aliingia ukumbini akiwa hajaamua. Alimsikiliza kijana mmoja wa Pune, kisha msichana aliyetoka Kyoto, hakuelewa hata neno. Jina lake likaitwa. Akapanda, akabonyeza, na slaidi ya kwanza ikatokea: majina kumi na tano ya waandishi, kama alivyomwahidi Baba.

"Nilikuja kuwaambia kwamba mashine yangu inasoma maneno tisini na sita kwa mia," akasema. "Siyo kweli. Leo asubuhi nimegundua kwamba kati ya waandishi hawa kumi na tano, kumi na wawili ni mtu mmoja. Nilipoipima kwa watu wengine, nilipata arobaini na moja."

Kulikuwa na kicheko sehemu za nyuma, cha mtu mmoja, kikazimwa haraka. Mwingine akanyanyua simu akaipiga picha ile slaidi. Mwenyekiti alikohoa, akauliza kama kuna maswali, kwa sauti ya mtu anayeomba yasiwepo. Kijana wa Pune akanyoosha mkono.

"Huyo mtu alikuwa anataka nini? Kukuharibia?"

"Hapana," Kaberi akasema. "Alitaka nimalize."

"Ni nani?"

Angeweza kusema. Midomo ilikwishaanza. "Ni mwandishi wa hati," akajibu. "Ana mwandiko mzuri sana." Akashuka dakika sita kabla ya wakati wake.

Wakati wa chai hakuna aliyesimama kwenye bango lake. Mhudumu, alipoona meza haina watu, aliitumia kuwekea vikombe vichafu. Kaberi hakumzuia, alikusanya tu kurasa akazifunga, na kwa haraka akakifunga kitambaa fundo la kawaida, la kufungia mboga, si lile alilofundishwa na Baba.

Vaidehi alimkuta hapo. "Anza upya na waandishi wa kweli," akamwambia. "Hata bila ufadhili. Kazi ni nzuri."

"Wa kweli ni hao watatu, Madam."

Mama yule akasogea karibu. Alimshika kichwani kama mtu anayebariki, akaenda zake kuandika barua.

*

Jua lilikuwa limeshazama Kaberi alipofika nyumbani kutoka stesheni ya Ranaghat. Baba alikuwa barazani chini ya taa, na shati lake safi, bakuli la bisi za mchele pajani, nyingi zimemwagika upande wa kulia. Minati alitoka jikoni akikausha mikono.

"Ameandika?"

"Hataandika tunavyotaka, Ma. Posho inaisha Desemba. Mwalimu mkuu wa shule ya Chakdaha alinitaka nifundishe kompyuta, nitampigia kesho."

"Kwa nini? Umewakosea nini?" Minati akapandisha sauti. "Miaka mitano! Wale watu hawana hata haya?"

"Waliwapenda wale wazee?" Baba akauliza, kana kwamba hakuwasikia. Kisha macho yake yakashuka kwenye furushi, yakatua kwenye lile fundo, na Kaberi akaona uso wake ukibadilika. Herufi zilimpotea lakini mafundo aliyajua bado. "Nani amezitandaza?"

Njia nzima Kaberi alikuwa ameapa kwamba hatamwambia. Alikuwa ametunga uongo wake mzuri, wa mashine kuharibika na kamati kukosa fedha. Alipoona jicho lile likiomba na kuogopa kwa pamoja, uongo ule ukayeyuka.

"Baba, uliandika za watu wangapi?"

Minati aliwaangalia wote wawili. Mzee akaokota bisi moja pajani, akairudisha kwenye bakuli.

"Kumi na mmoja," akasema.

"Kumi na mmoja nini?" Minati akauliza. "Nyinyi mnazungumza nini?"

"Wengine walishakufa," Baba akaendelea, neno moja baada ya jingine, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. "Nilifika Shantipur, naambiwa mwili wa Bishtu tumeuchoma mwaka jana. Nikafika kwa Gopesh, kipofu. Kila mlango. Uliniambia kumi na tano, mama. Ningerudi na wanne?"

"Ungeniambia! Ningebadilisha kazi yote, ningetafuta njia."

"Ungeacha. Nakujua." Akameza mate. "Nikaenda kibandani, kimefungwa, nikakaa ndani. Mkono wa Bishtu naujua. Wa Gopesh naujua. Nilikaa nao miaka thelathini na nane, kiwiko kwa kiwiko. Sikuiba. Ni kama walikuwa wanaandika wenyewe."

"Miezi mitatu nakupikia alfajiri," Minati akasema polepole, "nadhani uko Shantipur. Uko kibandani unamchimbia mtoto shimo." Alitupa taulo juu ya kamba, likaanguka, hakuliokota. Akaingia ndani, na wakamsikia akilia huku akipanga vyombo kwa kishindo.

Kaberi alikuwa amechuchumaa mbele ya kiti. Alimkasirikia, na alimpenda, na hakuwa na nguvu ya kuchagua. "Profesa alihesabu kumi na wawili," akasema, ili tu aseme kitu.

"Kumi na mmoja."

"Kumi na wawili, Baba. Hata mimi niliona. Kikulabu kile cha mwisho wa mstari, Bishtu anacho, Gopesh anacho, Haradhan anacho."

"Haradhan!" Mzee akajiinua kwa mkono wa kushoto hadi kiti kikalia. "Haradhan ni wake! Yule alikuwa hai. Alikuwa kitandani, nikamshikia ubao siku nne, aliandika zote ishirini mwenyewe, mkono umetulia hivi. Wiki iliyofuata tukamchoma." Alihema. "Kulabu ni yake. Mimi ndiye niliyeichukua kwake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, alinipiga na rula hapa kwenye vifundo mpaka nikajua kuinua kalamu. Ule ni mkono wa mwalimu wangu, mama. Si wangu."

Kaberi alikumbuka kijiko cha Vaidehi kwenye ukurasa ule. Huu ndio mkono wake halisi. Jicho lililoona yote lilikuwa limekosea mahali pamoja tu.

"Mrudishe," Baba akasema. "Mimi nitupe, hao kumi na mmoja watupe. Mwandikie huyo profesa. Haradhan ni wa kweli. Hana mtoto aliyebaki hapa, hana hata picha. Mrudishe."

Kaberi akakaa pale pale sakafuni, akafungua laptopu, akaanza barua. Profesa Vaidehi, baba yangu ndiye aliyeandika zile kurasa, na anasema kwamba kati ya wale kumi na wawili mmoja ni wa kweli. Akaishia hapo, akaisoma kama atakavyoisoma mgeni. Mtu aliyeigiza mikono ya watu kumi na mmoja anaapa kwamba wa kumi na mbili hakuigiza. Shahidi yuko wapi? Mkewe Haradhan alimtangulia. Na hata ofisi ya ardhi ikifungua makabati na kutoa hati zote alizoandika Haradhan maisha yake, watasema sawa, ndizo alizoiga. Hakuna karatasi duniani ambayo ingeweza kumtoa mzee yule katikati ya wale ambao mwanafunzi wake aliwatengeneza. Alikuwa amezikwa pamoja nao, na aliyemzika ndiye aliyempenda kuliko wote.

Akaifuta barua herufi kwa herufi.

"Umeandika?" Baba akauliza.

"Naandika."

"Mwambie siku nne. Mwambie nilimshikia ubao."

"Nimemwambia, Baba."

Alifungua orodha ya waandishi. Ilikuwa na majina matatu, kama alivyoiacha kwenye treni baada ya kuwafuta wengine kumi na wawili. Minati alikuwa amewasha jiko huko ndani. Harufu ya haradali ikaanza kutoka, maana hata siku kama hiyo watu lazima wale.

"Amerudi?"

"Amerudi."

"Nionyeshe."

Kaberi alisogea, akaiweka laptopu kwenye paja la baba yake, juu ya bisi zilizomwagika. Mzee akainama. Aliyatazama majina yale matatu kwa makini, kwa namna alivyokuwa akilitazama gazeti kila asubuhi, kisha akamgeukia binti yake akisubiri kusaidiwa. Kaberi alikishika kidole chake cha kushoto, akakipeleka kwenye mstari wa pili, palipoandikwa Moyezuddin wa Chakdaha, ambaye ni mzima na anauza mbegu sokoni.

"Hapa," akamwambia.

Baba akakikandamiza kidole kwenye kioo, na uso wake wote, hata ule upande uliokufa, ukalegea. "Alikuwa na mkono mzuri," akasema.

"Alikuwa nao, Baba," Kaberi akajibu, akakiacha kidole pale mpaka skrini ilipozimika yenyewe.